Dalili ya Mvua Si Mawingu

Somo lilikuwa la majira ya mwaka, Februari 2020, kidato cha kwanza, Kilembe, magharibi mwa Uganda. Nilikuwa nimeandika ubaoni maneno manne: kiangazi, masika, kipupwe, vuli. Nilipoanza kueleza kwamba masika ni zile mvua kubwa za kati ya Machi na Mei, darasa zima likaangua kicheko na wasichana watatu wakainamisha vichwa. Nikageuka kutazama ubao, nikidhani nimekosea herufi. Mvulana mmoja wa dawati la nyuma akanihurumia: "Mwalimu, hao wote ni akina Masika."

Kwa Wakonzo, wenyeji wa milima ya Rwenzori, Masika ni jina la msichana, mojawapo ya yale majina ambayo mtoto hupewa kufuatana na nafasi yake ya kuzaliwa. Darasa langu lilikuwa nao watatu. Basi mvua kubwa ikawa na sura tatu, na mmoja wao, kicheko kilipotulia, akauliza swali lililonishinda: "Sasa mwalimu, kipupwe chetu sisi ni lini?"

Nikajibu kama kitabu kilivyosema: Juni mpaka Agosti. Akatazama dirishani, hakusema kitu. Nje, katikati ya Februari, ambayo kwa hesabu ya kitabu ni kiangazi kikavu, ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mabati ya jiko la shule, na nusu ya darasa walikuwa wamevuta mikono ndani ya sweta.

Mimi si mtu wa milima. Nimekulia kwenye kambi ya jeshi karibu na Jinja, baba akiwa askari, na Kiswahili changu cha kwanza kilikuwa cha gwaride na cha foleni ya bombani. Kule kando ya ziwa hali ya hewa haikuwa jambo la kuumiza kichwa: joto, radi, mvua, joto tena. Kiswahili cha pili nilikipata chuoni, nacho kilikuwa cha pwani hasa, chenye kaskazi na kusi, matlai na demani, maneno ya watu wanaongoja pepo zigeuke ili majahazi yang'oe nanga. Niliyatunza kama vyombo vya kabatini, vizuri mno na havijawahi kupakuliwa chakula.

Siku nilipokwenda kuripoti Kilembe, bodaboda aliyenichukua mjini Kasese aliniuliza, "Madam, una sweta?" Jua la Kasese lilikuwa linachoma lami. Nikamwambia twende. Mji wa Kasese uko chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari na Kilembe iko juu yake kwa mamia ya mita, na kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua kwa nyuzi kama 6. Hilo nilikuwa nalijua kwa vitabu. Kwa ngozi nililijua pale barabara ilipoingia kati ya vilima na mto Nyamwamba ukaanza kusikika upande mmoja. Nilifika meno yakigongana, na yule kijana hakusema "si nilikuuliza", ingawa uso wake ulisema.

Kilembe ni bonde jembamba chini ya Rwenzori, na ukoo wake ni shaba. Mgodi ulianza kuzalisha mwaka 1956, mwaka uleule reli ilipofika Kasese, na watu wakaja kutoka kila upande: Kongo, Rwanda, Kenya, na kila pembe ya Uganda. Uchimbaji ulisimama mwanzoni mwa miaka ya 1980, lakini Kiswahili walichokuja nacho na walichokiunda hapo kilibaki. Kampala ukizungumza Kiswahili barabarani wapo watakaokutazama kwa jicho la pembeni, wakikumbuka askari na bunduki, japo katiba imekifanya lugha rasmi ya pili tangu 2005. Kilembe, Kiswahili ni lugha ya mshahara. Wazee wakikisema wanasimama wima kidogo.

Mama mwenye nyumba wangu alikuwa mmoja wao, mjane wa mchimba shaba, umri umepita sabini. Kiswahili chake hakikuwa na ngeli zaidi ya tatu, na kila neno lilifika lilikotumwa.

Machi 20 shule zikafungwa kwa ajili ya korona. Siku chache baadaye usafiri ukazuiwa, nami niliyekuja na begi moja na vitabu vya muhula mmoja nikakwama bondeni. Shule yangu ilikuwa ya binafsi. Mshahara wa Machi ulikuja nusu, wa Aprili haukuja, na simu ya ofisi ikawa inalia tu. Habari hiyo haina ladha, naiacha hapo. Milango ya shule ilikuja kufunguliwa kwa madarasa yote Januari 2022, karibu miaka miwili baadaye. Nilikuwa na chumba kimoja, sigiri moja, na mama mwenye kahawa mteremkoni nyuma ya nyumba ambaye wanawe walikuwa wamefungiwa Kampala.

Siku ya tatu ya kukwama nilifua. Saa mbili asubuhi jua limewaka, nikaanika, nikaingia ndani. Saa sita natoka nakuta mawingu yamejazana mgongoni mwa mlima, meusi kama masizi. Nikaanua kila kitu mbio mbio, nguo bado zinachuruzika. Mama alikuwa amekaa barazani anachambua maharage.

"Mama, dalili ya mvua ni mawingu," nikamwambia, kwa ile sauti yangu ya darasani.

Akacheka mpaka akashika ubavu. "Mwalimu, hapa mawingu iko kila siku. Ukiogopa mawingu utavaa nguo mbichi mpaka Krismasi. Wachana nayo. Angalia moshi."

Mvua haikunyesha siku ile. Nguo zangu zikanuka uvundo, na mimi nikaanza kuangalia moshi.

Alfajiri, moshi wa jiko la Mama hupenya kwenye matundu ya ukuta, na haupandi. Unajilaza, unajipinda kama paka, unateleza kuelekea mtoni, kisha unaandamana na mto kushuka Kasese. Hiyo ni baridi ya mlimani inateremka. Hewa iliyopoa usiku kwenye miteremko huwa nzito, hutafuta pa chini kama maji. Ukisimama karibu na mto saa kumi na mbili unaisikia ikipita miguuni, na kifua bado kina nafuu. Kati ya saa tatu na saa nne moshi husimama wima, kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai, si zaidi. Halafu hugeuka. Jua limeshapasha miteremko, hewa imeanza kupanda, na moshi uleule sasa unaelekea mlimani pamoja na unyevu wote wa tambarare. Mawingu ya saa sita ndiyo huo unyevu: umepanda, umepoa, umeonekana. Ni kazi ya kila siku, kama mtu anayepanda ngazi na mzigo wake. Haimaanishi kwamba atauangusha.

Mvua ni pale moshi unapovunja ratiba. Ni mchana, jua bado lipo, na ghafla moshi unarudi chini, bapa, na shingo inapigwa na upepo wa baridi kutoka juu. Upepo ule umetoka kwenye mvua iliyokwisha kuanza mahali usipopaona. Una dakika ishirini, labda kidogo zaidi. Nimeanua nguo kavu kwa hesabu hiyo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na nimeloweshwa mara chache, zote kwa kiburi.

Nikaanza daftari. Saa, moshi, joto la mikono (sikuwa na kipimajoto, nilikuwa na mikono), mvua au hapana. Sweta langu la mitumba lilivaliwa na kuvuliwa mara nne kwa siku. Kitu ambacho nilikuwa nimekiona kero wiki ya kwanza, kwamba huwezi kuamka ukajua siku itakuwaje, kikawa ndicho kinachonitoa kitandani. Jinja nilikuwa naishi ndani ya hali ya hewa bila kuitazama. Hapa ilikuwa jirani mwenye maneno mengi, nami sikuwa na jirani mwingine wa kunizungumzisha tangu asubuhi hadi jioni, zaidi ya Mama, ambaye akiwa shambani haongei.

Sitaki kudanganya kwamba yote yalikuwa ya kufurahia. Mapema Mei mwaka huohuo mvua ilinyesha juu kwa namna ambayo moshi wowote usingetosha kuieleza, kwa kuwa ilikuwa usiku. Nyumba yetu iko juu ya mteremko. Tulichosikia si maji, ni mawe: mto ulikuwa unayabiringisha, makubwa kama magari, na kila yalipogongana sakafu ilitetemeka na vikombe vikalia kabatini. Mama alikaa kitandani kwangu amenishika kifundo cha mkono. Asubuhi nyumba za chini hazikuwepo, na hospitali ya bondeni ilikuwa imejaa maji na matope. Aliniambia kwamba tarehe 1 Mei 2013 ilikuwa vilevile, na kwamba mwaka mmoja kabla ya hapo moto ulikuwa umeunguza sehemu za juu za mlima wakati wa ukavu. Majani na mizizi iliyokuwa imeshika udongo ilikwenda na moto, kilichobaki kikaja na maji. Hakulaani mto. Kwa wiki kadhaa hakunitazamia moshi pia, na mimi daftari nililiacha.

Juni na Julai kitabu cha pwani na bonde vilikubaliana kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Mvua zilipungua, usiku mbingu ikawa wazi, na kwa kuwa hapakuwa na wingu la kufunika, joto lote la mchana lilipanda likaondoka. Tulikula bundu, ugali wa muhogo, na sombe, yaani kisamvu, tumekaribia jiko kiasi cha kuunguza magoti. Nilijisemea: sawa, kipupwe ni hiki. Nikaandika daftarini kwa wino mwekundu, nikafurahi kama mtu aliyepata jibu la hesabu.

Halafu ikaja Januari.

Januari bondeni ni mwezi mkavu, wenye mchana mkali na alfajiri inayouma masikio. Vumbi la tambarare linapanda na vilima vya mbali vinafifia. Miti mingi inachoka. Lakini upande wa pili wa mto palikuwa na mti mmoja usio na jani hata moja, umevaa maua mekundu mtupu, yamesimama kwenye ncha za matawi kama ndimi za mishumaa. Kwa Kiganda nilijua ni jjirikiti. Nilihangaika kutafuta jina lake la Kiswahili mpaka mwenzangu mmoja wa chuoni akaniandikia kwenye simu: mwamba-ngoma. Ni jina la haki, kwa sababu gogo lake jepesi huchongwa ngoma. Mti huu huchanua ukiwa uchi, kabla ya majani, katikati ya ukavu. Kila asubuhi ndege wadogo wa chozi walikuwa wanaugombania, nami niliupa dakika zangu kumi kabla ya chai.

Katikati ya mwezi, moshi ukavunja ratiba. Mvua ikanyesha siku mbili, nzuri, ya kulowanisha, na hewa ikanukia udongo. Nilitoka uani nikasimama ndani yake. Mama alikaa barazani, mikono mapajani, anatazama kahawa yake kama mtu anayetazama mtoto akikimbilia barabarani.

"Mama, mvua hiyo!" nikamwambia.

"Mvua hii iko ya uongo," akasema.

Siku ya tisa niliamka nikadhani kuna mtu amemwaga manukato dirishani. Asumini nilikuwa naijua kwa mashairi tu, kwenye nywele za wanawake wa Lamu na Mombasa, na sasa harufu ambayo kila mtu huifananisha nayo ilikuwa imejaa chumbani kwangu Kilembe. Nikafungua mlango. Mteremko wote ulikuwa mweupe. Kila tawi la kahawa lilikuwa limejipanga maua kwenye vifundo vyake, kifundo baada ya kifundo, vishada vya nyota ndogo zenye ncha tano, yamebanana kiasi kwamba jani lilikuwa linachungulia. Umande ulikuwa bado juu yake. Nilichukua tawi moja mkononi bila kulikata, nikalisogeza puani, na nyuki alikuwa ndani, mzito wa unga, hakujali. Ukitulia ulisikia mteremko mzima unavuma.

Nilizunguka mle shambani mpaka sketi ikalowa magotini. Niliporudi nilikuta Mama amesimama kwenye mti wa kwanza, anageuza tawi, anahesabu vifundo vilivyofunguka na vilivyobaki vimefumba.

"Nusu," akasema. "Imefunguka nusu."

Nikamuuliza ubaya uko wapi, kwani maua mapema si ndiyo kahawa mapema? Akanitazama kama nilivyozoea kumtazama mwanafunzi anayesema "vitu nzuri", akanieleza huku akitembea. Machipukizi ya maua ya kahawa hulala wakati wa ukavu, na mvua ya kwanza ya kutosha huyaamsha. Baada ya siku nane, tisa au kumi yanachanua. Hayana kalenda. Hayajui kama mvua ile ni ya Machi imewahi au ni ya Januari imepotea njia. Yakiamka na mvua ikaendelea, sawa. Yakiamka na jua likarudi, ua litafunga kijipunje kama kichwa cha pini, na mti uliochoka hauwezi kukilea. Utakiangusha. Na hata vitakavyobaki ni tatizo, kwa sababu ile nusu nyingine itachanua Machi, na ya mwisho pengine Aprili. Arabika huchukua miezi saba mpaka tisa kuiva. Basi kwenye tawi hilohilo utakuwa na iliyoiva, inayogeuka rangi, na mbichi kabisa, na mnunuzi anataka nyekundu tu.

"Maua moja, mavuno moja," Mama akasema. "Maua tatu, mgongo yako."

Siku ya tatu maua yalikuwa yamegeuka rangi ya chai. Yakaning'inia kidogo, yakaanguka. Mvua haikurudi. Wiki tano jua lilipiga, majani ya kahawa yakajikunja, nami nikawa natembea asubuhi mle shambani nikiona vile vichwa vya pini vimetapakaa chini. Niliona aibu kidogo kwa furaha yangu. Nikamwambia. Alikuwa anapalilia, hakuinua kichwa.

"Kunusa si kosa," akasema. "Nusa. Usihesabu."

Machi mvua ya kweli ilikuja, na kahawa ikachanua tena, na harufu ikaja tena hadi kitandani. Safari hii Mama naye alisimama mlangoni amefumba macho. Sikumkatiza.

Ya mgongo yalitimia. Kuanzia Septemba tulichuma, tukarudia, tukarudia. Mti uleule ulinipa konzi mbili wiki hii na konzi tatu wiki mbili baadaye. Nilikuwa nalipwa kwa beseni, na beseni lilikataa kujaa. Kidole gumba cha kulia kilikufa ganzi. Nilijifunza kuchuma kwa kuizungusha punje badala ya kuivuta, kwa sababu ukivuta unang'oa na kikonyo ambacho kingezaa mwakani, na Mama alikuwa anasikia kikonyo kikikatika hata akiwa miti kumi mbali.

Kisha kuanika. Septemba mpaka Novemba ni wakati wa mvua, yaani kahawa inaiva katika miezi ileile isiyotaka kuikausha. Kila nyumba mteremkoni ilikuwa na turubai lake limetandazwa uani, punje nyekundu zinageuka kahawia, zinageuka nyeusi, zile wafanyabiashara wanaziita kiboko zikishakauka na maganda yake. Mchana mmoja nilikuwa napindua punje kwa reki, jua kali, watu wanaongea uani kwao. Nikaona moshi wa jirani wa chini unalala. Shingo ikapigwa na baridi. Nikapiga kelele, "Mvua!" Nikajisikia mjinga, maana anga ilikuwa samawati juu yetu. Sekunde moja kimya. Halafu kutoka upande wa pili wa bonde mtu akaitikia, na mwingine juu yake, na mteremko mzima ukaanza kukimbia: watoto, wazee, mwanamke mwenye mtoto mgongoni, kila mtu anakunja turubai kwa pembe nne kama anayebeba mgonjwa. Zilikuwa turubai za bluu na za machungwa, zinafungwa moja baada ya nyingine, kama maua ya jioni. Matone ya kwanza yalitukuta mlangoni. Mama aliketi juu ya mzigo wake akihema, akasema kwa Kikonzo neno ambalo hakunitafsiria. Nadhani lilikuwa jema.

Shule zilipofunguliwa, watoto walirudi warefu, sauti zimevunjika, wengine wamezoea kushika pesa na hawataki tena dawati. Akina Masika walirudi wawili. Wa tatu alikuwa na mtoto, nikawa namkuta sokoni. Kidato cha pili sasa, na mtaala uliwataka wote wasome Kiswahili, wapende wasipende.

Sikurudia yale maneno manne ubaoni. Niliwapa kila mmoja ukurasa: wiki tatu, kila asubuhi, andika saa, moshi umeelekea wapi, ua gani umeliona, kwa sentensi moja yenye ngeli sahihi. Ngeli hazikuwa sahihi. Lakini nililetewa vitu. Mmoja aliandika kwamba kifabakazi la kanisani limechanua upande wa jua tu. Mwingine kwamba moshi wa kwao haushuki mtoni kwa sababu nyumba yao iko kwenye pembe ambapo vijito viwili vinakutana, unazunguka tu kama mbwa anayetafuta pa kulala. Hilo hata Mama hakuwa analijua, nikampelekea kama zawadi.

Na mmoja, ambaye baba yake ni mpagazi wa wapanda mlima, aliandika kuhusu juu. Nikamwita yule mzee darasani. Alikuja na kofia ya sufu mkononi, akazungumza Kiswahili safi cha safari. Kilele cha Margherita, akasema, kina mita 5,109, na barafu wanayoiita nzururu inazidi kujikunja. Mwaka 1906, Wazungu wa kwanza walipofika kileleni, ilifunika zaidi ya kilomita za mraba 6, na sasa haifiki hata 1. Watoto walikuwa wametulia. Kilichowagusa hasa ni habari ya lobelia, yale mamea makubwa yanayosimama kule juu kama walinzi. Usiku, alisema, maji uliyoyaacha kikombeni nje ya hema yanaganda. Lobelia inakunja majani yake kuelekea ndani, akafanya ngumi kuwaonyesha, inalifunika chipukizi lake. Saa tatu asubuhi jua likishaingia inafungua ngumi, na yeye mpagazi anavua koti. Kila siku. Januari, Julai, sawasawa. Ua la kule halingoji mwezi.

Mtoto mmoja akauliza kama lobelia huwa inadanganywa na mvua. Mzee akafikiri. "Yenyewe haitegei mvua," akajibu. "Inategea asubuhi."

Mtihani wa katikati ya mwaka niliutunga mwenyewe, na kwa uvivu niliacha swali moja la zamani: taja miezi ya kipupwe, alama mbili. Nilikuwa nasahihisha mezani kwangu, mlango wazi, jiko la shule mbele yangu. Wengi waliandika Juni, Julai, Agosti. Nikafika kwenye karatasi ya yule Masika wa swali la kwanza kabisa. Alikuwa ameandika kwa mwandiko mdogo wa kubana:

"Kipupwe chetu huanza saa kumi na moja alfajiri. Huisha saa tatu. Kule juu huanza jua likizama."

Nilishika kalamu nyekundu kwa muda. Nje, moshi wa uji wa watoto ulikuwa umesimama wima juu ya mabati, hauendi popote. Nikampa alama zote mbili, nikatoka kwenda kunywa chai kabla haujageuka.